Gasketi ya Miezi Sita

Pikapu ilizimika mbele ya geti la nyumba ya wageni, saa mbili unusu asubuhi, ikiwa imebeba mashuka arobaini na mawili yaliyopigwa pasi. Haikuzimika kwa staha. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe wa kutosha kuwanyanyua wageni waliokuwa wakinywa chai nje, kisha ikaanza kuchuruzika maji ya moto chini ya injini hadi mtaroni. Mwanamke aliyekuwa akiiendesha alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akiangalia mbele, kana kwamba kuna foleni. Mtaa mzima ulimwita Dobi. Kufua ndiyo kazi yake, na nyumba tatu za wageni ndizo zilizokuwa zikimlisha.

Hakushangaa. Kwa miezi mitano alikuwa akiongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi. Kwanza chupa moja, halafu mbili, halafu dumu zima ambalo sasa lilikuwa na mahali pake nyuma ya kiti. Lile gari lilikunywa maji kuliko watu wa nyumba ile. Lakini kila akitaka kulisemea, aliona heri angoje kidogo, na kidogo ikawa miezi mitano.

"Dobi, mimi sitaki kuonekana mbaya," alisema msimamizi wa nyumba ya wageni, na mtu akianza hivyo ujue ameshajipanga. Alisimama mlangoni na daftari lake wakati Dobi akiingiza mashuka kwa kichwa, furushi baada ya furushi. Alifunua shuka moja, akalinusa mbele ya wageni. "Linanuka moshi."

"Nitalirudia."

"Utalirudia na gari gani?" Msimamizi alikunja shuka vibaya na kumrudishia. "Nakupa mpaka Jumamosi. Kuna kijana ana bajaji ya mizigo, kila siku yuko hapa ananiomba hii kazi. Ana mashine ya kufulia, eti na ya kukaushia."

Dobi alisema ahsante. Baadaye alijiuliza ni kwa lipi hasa alilomshukuru.

Aliyekuja kulivuta gari kwa kamba ni fundi wa kona, ambaye watu walimwita Digrii kwa sababu ya cheti alichokitia fremu gereji kwake, ambacho hakuna aliyewahi kukisoma. Walipofika nyumbani alifungua kifuniko cha oili, akamgeuzia Dobi akione kwa ndani. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Gasketi ya hedi imekwisha, ile inayotenganisha maji na oili. Sasa vinaamkiana humu ndani. Wiki moja." Kisha akataja bei ya ufundi, ambayo Dobi aliirudia mdomoni bila sauti.

"Punguza kidogo, fundi. Na wiki ni nyingi. Nina mpaka Jumamosi."

"Mama, hii si kufua," alisema Digrii, na vijana wawili aliokuja nao wakacheka.


Mume wake alipiga simu saa nane mchana, wakati wake wa chakula. Dobi alikuwa amembipu mara tatu, jambo ambalo halikuwa kawaida yao. Kawaida yao ilikuwa Ijumaa: mko salama, tuko salama, pesa imefika, imefika, mama hajambo, hajambo, haya basi, salio linakwisha. Dakika nne. Ikiwa nzuri sana, sita. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitatu, tangu alipokwenda nchi ya mbali kutengeneza malori kwenye machimbo ya mawe.

"Imechemka?" aliuliza hata kabla ya salamu.

"Imechemka, imezimika, imenitia aibu."

"Maji yanatokea wapi?"

"Pale hedi inapokalia bloku, upande wa ekzosi. Na oili imekuwa nyeupe. Digrii anasema gasketi, anataka wiki nzima na pesa ya mbuzi watatu."

Mume huyo hata mkewe alimwita Fundi. "Digrii asiguse," alisema, haraka kuliko ilivyohitajika. "Utaifungua wewe."

"Mimi?"

"Umenipa spana miaka minane, Dobi. Ulikuwa unanipa kabla sijaomba. Injini yenyewe ya zamani, haina makuu. Mimi nitakuwa hapa kwenye simu, wewe utakuwa mikono."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akisikiliza bila kujificha, alitikisa kichwa. "Mwambie asiniharibie mkwe. Nikibaki na huyo bila mikono nitafanya nini?"

Dobi alicheka, na upande wa pili Fundi akacheka, na wote wawili wakashtuka kidogo kwa kusikia kwamba wamecheka pamoja. Ni kweli alikuwa akimpa spana. Kabla ya hapo alikuwa akimfulia ovaroli, na Fundi wakati huo alikuwa akiziloweka oili makusudi ili apate sababu ya kuzirudisha kesho yake. Alimchumbia kwa uchafu, mama mkwe alikuwa akisema, na akafanikiwa.

Alipokata simu, Fundi aliendelea kukaa kwenye kivuli cha lori ambalo tairi lake lilimpita kimo. Ndani ya begi lake, chini ya kitanda nambari kumi na nne, kulikuwa na karatasi aliyoisaini wiki tatu zilizopita. Miaka miwili zaidi, safari hii kama mkuu wa karakana. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amemwambia mkewe kwamba mwisho wa mwaka anarudi, na hakumdanganya, wakati ule alikuwa anarudi kweli. Ijumaa tatu zilikuwa zimepita tangu asaini, na kila Ijumaa alikuwa amepanga kusema, na kila Ijumaa salio lilikwisha kabla ya ujasiri kufika. Alikula wali wake uliopoa, akarudi kazini.


Siku iliyofuata, saa nane kasoro, Dobi alijikuta mbele ya kioo akivaa hereni. Alizitazama, akataka kuzivua, kisha akaziacha. Injini haina macho, alijiambia, na simu haina pia, lakini alizivaa.

"Hiyo injini ina bahati," alisema mama mkwe.

Alikuwa ameshamwaga maji na oili, ametoa betri, na kuna kazi moja aliyoifanya ambayo Fundi hakuijua mpaka alipoambiwa. Kila shuka la nyumba za wageni lina kitambaa chake kidogo chenye namba, kilichoshonewa pembeni, ili mali ya mmoja isiende kwa mwingine. Dobi alikuwa na bakuli zima la vitambaa hivyo. Basi kila boliti iliyotoka, kila mpira wa maji, kila bomba, alikifungia namba na uzi, na fimbo nane za vali akazichomeka kwenye boksi la sabuni, zikasimama kwa mpangilio wao.

"Mimi nilikuwa naziweka tu kwenye kopo," alisema Fundi simuni.

"Ndiyo maana kila mara ilikuwa inabaki moja."

"Hiyo iliyokuwa inabaki haikuwa na kazi."

"Watengenezaji waliiweka kwa mapambo?"

Simu ilikuwa imelazwa juu ya rejeta, spika wazi. Mama mkwe alipewa kazi ya kushika beseni la boliti, akalishika kama limejaa mayai. Walipofikia boliti kumi za hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, sauti ya Fundi ikawa ya kazi. "Anza za pembeni, uje katikati. Robo mzunguko kila moja, kisha rudia. Usiimalize moja peke yake, hedi itapinda na hapo tutalia. Polepole."

"Nazunguka."

"Nasikia. Hiyo ya tatu ilikuwa ngumu."

"Umejuaje?"

"Umeguna. Unaguna hivyo hivyo ukikamua blanketi."

Dobi alisimamisha spana. Upepo ulikuwa ukipeperusha mashuka kwenye kamba nyuma yake. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu akiwa na mume wa dakika nne, akazoea, akasema ndiyo maisha, mpaka siku moja mume huyo akumbuke anavyoguna.

"Upo?" aliuliza Fundi.

"Nipo."

"Mlango wa nyuma bado unakwama?"

"Unakwama."

"Unauinua kidogo ndiyo unausukuma?"

"Nauinua kidogo ndiyo nausukuma."

"Eeh," alisema Fundi, na alionekana kuridhika sana na jambo hilo dogo. Mama mkwe aliweka beseni chini taratibu, akasema anakwenda kutazama maji ya chai, ingawa hakuna aliyekuwa ameyabandika.

Salio la Fundi lilikatika katikati ya boliti ya saba. Baada ya dakika mbili simu ikaita kwa namba ya mtu mwingine, alikuwa ameazima. Walipomaliza, Dobi alitazama kioo cha simu. Simu hii ya pili peke yake ilikuwa imechukua saa moja na dakika kumi na mbili. Aliitazama namba ile mpaka kioo kikazimika chenyewe, akakigusa kiwake aitazame tena.


Jumatano aliinua hedi. Fundi alimshauri aite mtu, lakini mikono ya Dobi ilikuwa imekamua mablanketi ya vitanda sabini kwa wiki, miaka nenda miaka rudi. Alipiga magoti kwenye bampa, akashika pande mbili, akavuta. Hedi iliachia na sauti ya kunyonya. Aliilaza juu ya gunia, akarudi kuangalia kilichobaki juu ya bloku, mwili wa injini.

Gasketi ilikuwa pale, na ilikuwa inang'aa.

Aliinama karibu. Mahali ambapo tundu la maji lilipakana na silinda ya tatu, ukingo ulikuwa umelika kabisa, na hapo ndipo maji yalipokuwa yakipita. Lakini kwingine kote kulikuwa na rangi ya fedha. Alikwangua kwa ukucha. Chini ya rangi kulikuwa na weusi wa kuungua kwa zamani, ulioshikana tabaka kwa tabaka, na alama za duara za hedi ya miaka mingi nyuma. Hii haikuwa gasketi ya miaka mitatu. Hii ilikuwa ile ile ya tangu wanunue gari.

"Fundi," alisema. "Gasketi mpya huwa inapakwa rangi?"

Upande wa pili nyundo ya mtu mwingine iligonga mbali.

"Maana hii imepakwa. Na rangi naijua. Ni ile ya geti letu."

"Dobi."

"Nilikupa pesa ya gasketi. Nilivunja kibubu mbele yako. Ulikaa hapa uani siku mbili ukifungua na kufunga, nikakuletea chai, ukaniambia nimekuwekea mpya, sasa hata nikiondoka usiwe na wasiwasi." Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyomfanya mama mkwe asimame. "Pesa ilikwenda wapi?"

"Kwa daktari wa kunipima kwa safari. Na picha, na mihuri. Ajenti wa kazi ya huku aliongeza vitu siku za mwisho, nikapungukiwa."

"Ungeniambia."

"Ungetoa wapi? Kibubu kilikuwa kimoja." Alivuta pumzi. "Niliisafisha ile ya zamani, nikaipaka rangi. Mafundi wote wanafanya. Nilijua itavumilia miezi sita, hata minane. Na mkataba ulikuwa wa miezi sita, Dobi. Nilisema nikirudi nitaitoa kimyakimya, niweke mpya, usijue maisha yako yote."

Dobi alikata simu.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ikaita tena, mara nne, akaiacha iite juu ya rejeta mpaka ilipochoka. Alimkasirikia. Alikumbuka maji aliyoyamimina alfajiri moja baada ya nyingine akidhani yeye ndiye aliyelichakaza gari, kwa kulipakia sana, kwa kupita kwenye matuta vibaya. Miezi mitano akijiandalia maneno ya kumwomba mumewe radhi.

"Amefanya nini?" aliuliza mama mkwe.

Dobi alimweleza, kwa ufupi, akimwonyesha kile kitu kinachong'aa. Mama mkwe alikigeuza geuza, akakisogeza mbali kidogo na macho ili akione vizuri.

"Miezi sita," alisema bibi kizee. "Kumbe alikuwa anarudi."

Alisema hivyo tu, akaenda kuanua nguo. Lakini Dobi hakuweza kuondoka juu ya ndoo. Katika miaka yote mitatu, kila Fundi alipoongeza mkataba, kila alipomwambia vumilia kidogo, kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia Dobi kwamba huyu tangu siku ya kwanza alijua hatarudi. Na sasa alikuwa ameshika kazi mbovu, kazi ya aibu ambayo fundi yeyote angeikana, na ilikuwa imefanywa na mtu aliyehesabu miezi sita, akatengeneza gari la miezi sita. Angekuwa na nia ya kukaa, angekopa popote, akaweka mpya. Alimpenda na akamchukia kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilimuuma mahali pamoja.


Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Digrii kuazima spana ya kipimo, ile inayolia boliti ikifika mkazo wake. Digrii alikuwa na spana, na pia alikuwa na ovaroli sita za mafundi wake.

"Uniletee kesho zimenyooka," alisema. "Na mifuko uigeuze, usifue juu juu."

Alizichukua. Alipita nazo barabarani zikimpaka grisi begani, akafikiri kwamba hajawahi kubeba ovaroli ya mwanamume mwingine, na kwamba hili nalo litafuliwa, litakauka, litasahauliwa. Akaingia duka la vipuri.

Muuza vipuri walimwita Miwani, na alikuwa mtu mpole asiyependa kusema bei kwa sauti. Aliweka gasketi mbili juu ya kioo cha meza.

"Hii ya kawaida. Itakufikisha mwaka, mwaka na nusu ukibahatika. Lakini lazima awepo mtu wa kukaza boliti tena baada ya wiki, na baadaye azikague. Hii nyingine ni ya chuma, tabaka tabaka. Unafunga, unasahau." Aliandika bei mbili kwenye kipande cha karatasi, akamsogezea. Ya chuma ilikuwa mara tatu.

Dobi alikuwa nazo. Zilikuwa pesa za sabuni na za unga wa mwezi, lakini alikuwa nazo. Alitazama gasketi zote mbili kwa muda mrefu, kisha akatoa simu. Hakubipu. Alipiga kwa salio lake.

Fundi alipokea mlio wa kwanza. "Dobi. Jana nili—"

"Niko dukani," alisema. "Zipo mbili. Ya kawaida, ambayo inahitaji mtu wa kuirudia kuikaza, na mwaka mwingine ni kufungua tena. Na ya chuma, ambayo haihitaji mtu. Nichukue ipi?"

"Bei je?"

"Bei sijakuuliza. Bei nimeiona." Aligeuka, akauelekea ukuta wa mikanda ya feni ili Miwani asimwone uso. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno haya, na sasa yalitoka yenyewe. "Ulisema mwisho wa mwaka unakuja. Kama unakuja, nachukua ya kawaida. Utaikuta, utaikaza mwenyewe, ikichoka utaifungua uani kwako, mimi nitakupa spana. Nitaichukua kwa furaha, Fundi. Nieleze tu nichukue ipi."

Kule aliko, lori lilikuwa linarudi nyuma likilia ti, ti, ti. Fundi alikuwa amesimama na spana mkononi, na vijana aliokuwa akiwaelekeza wakamtazama. Neno moja lingetosha. Angesema ya kawaida, mkewe angetoka dukani akitabasamu, na angekuwa amenunua mwaka mzima wa Ijumaa nzuri. Aliweza kuliona tabasamu lenyewe. Na alijua ni rangi ile ile ya fedha, na kwamba mikono ya Dobi ndiyo ingekuja kuikwangua.

Lori lilisimama.

"Chukua ya chuma," alisema.

Dobi aliushika mkanda mmoja wa feni ukutani.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Aligeuka kwa muuza vipuri, ambaye kwa heshima alikuwa ameanza kufuta kioo kilichokuwa safi tayari. "Nifungie ya chuma," alimwambia, na sauti ilitoka vizuri, ila Miwani alipunguza bei bila kuombwa.


Ijumaa Fundi alipiga saa nane kamili, na Dobi alipokea. Hakuna aliyetaja jana. Alimwelekeza kulaza rula ya chuma juu ya uso wa hedi, na kujaribu kupitisha wembe chini yake. Wembe haukupita popote. Alimwambia akaushe kila tundu la boliti, maana maji yakibaki humo, ukikaza yanaweza kupasua bloku. Dobi alikunja foronya ya nyumba ya wageni kwenye kijiti, akakausha matundu yote kumi. Kisha akalaza gasketi mpya, kavu, bila rangi wala gundi, akashusha hedi juu yake.

"Sasa unaanzia katikati, unakwenda pembeni," alisema Fundi. "Kinyume cha kufungua. Mizunguko mitatu, kila mzunguko unaongeza."

"Wewe hesabu."

"Unaweza kuhesabu mwenyewe."

"Hesabu, Fundi."

Akahesabu. Moja. Mbili. Hakuhesabu kwa haraka. Mzunguko wa kwanza ulipoisha, Dobi alijipangusa jasho, akauliza akiwa ameinama, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Miaka mingapi?"

"Miwili. Nilisaini wiki tatu kabla gari halijaharibika."

"Kwa hiyo si kwa ajili ya gari."

"Si gari. Wamenipa ukuu wa karakana. Kila Ijumaa nilitaka kukwambia. Sauti yako ilikuwa inanishinda."

"Mimi nilikuwa na maji yanavuja miezi mitano na sikukwambia," alisema Dobi. "Tungezungumza nini, kwa dakika nne?" Akarudisha spana kwenye boliti ya katikati. "Kumi na moja."

"Kumi na moja," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Walikwenda taratibu. Walikwenda taratibu kuliko kazi ilivyotaka, na mama mkwe, ambaye aliweza kuhesabu, alisikia namba ya kumi na tisa ikitajwa mara mbili na hakusahihisha. Kwenye mzunguko wa mwisho spana ililia kila boliti ilipofika, na Fundi alingoja mlio ule ndipo ataje namba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Kwenye ya mwisho Dobi alikaa ameshika mpini bila kuvuta, na Fundi hakumwuliza anangoja nini. Baadaye alivuta, ikalia.

"Thelathini," alisema Fundi.

Kulikuwa bado na fimbo za kurudisha, na mabomba, na oili mpya, na kila kitu kilikuwa na kitambaa chake chenye namba, hivyo hakuna kilichosahaulika na hakuna kilichobaki. Jua likiwa bado juu, injini iliwaka walipojaribu mara ya pili. Dobi aliinua simu juu ya boneti ili isikie. Alisubiri nusu saa, akapitisha kidole chote kwenye mshono wa hedi na bloku, upande wa ekzosi. Kidole kilirudi kikavu.

Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja kifupi. Dobi aliegemea mlango wa pikapu, hereni zikiwa na grisi, akalia kama mtu aliyefiwa, na injini ikawa inanguruma vizuri kabisa nyuma yake.


Jumamosi alipeleka mashuka saa moja na nusu. Msimamizi alitafuta cha kusema, akakosa, akasema foronya moja haipo. Jumatatu alipeleka tena. Kila asubuhi alifungua kifuniko cha rejeta kwa mazoea, dumu mkononi, na kila asubuhi maji yalikuwa mpaka mdomoni. Saa nane mchana ilifika, ikapita. Jumanne ikapita, na Jumatano. Hakukuwa tena na kitu cha kufungua.

Ijumaa simu iliita.

"Mko salama?"

"Tuko salama."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Goti tu."

"Pesa imefika?"

"Imefika."

Dobi alisikia malori, na mtu akimwita Fundi kwa cheo chake kipya. Alijua sasa atasema haya basi, na hakusema.

"Gari je?" aliuliza.

"Linakwenda."

"Haivuji?"

"Haivuji."

"Pale upande wa ekzosi? Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

"Hata kidogo, Dobi?" Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba.

Dobi alitazama pikapu iliyosimama uani, kavu, imara, tayari kwa miaka kumi.

"Hata tone," alisema.